Mjadala: Afisa wa ugani afundishwe lishe, au tumwachie mimea na mifugo?

Wadau, wiki jana tulibishana juu ya swali hili kwenye kikundi chetu cha wakulima wa magunia (tunaopanda mboga ndani ya magunia ya udongo) hapa Kawangware, Nairobi, tukaachana bila kuelewana. Maafisa wa ugani, wale wanaowashauri wakulima, wafundishwe pia mambo ya lishe, au kazi yao iishie kwenye mbegu, mbolea na chanjo?

Mimi nasema wafundishwe.

Jirani yangu ana kuku kama 30. Kideri kilipoingia mtaani, afisa alikuja, akakagua banda, akaonyesha namna ya kumtia kuku tone la chanjo jichoni. Kazi safi. Aliuliza kuku wanalishwa nini, wanataga mayai mangapi, trei inauzwa pesa ngapi. Hakuuliza nani hapo nyumbani anakula mayai. Mtoto wa miaka 2 alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mandazi, na trei zote zimeshafungwa kamba kwenda dukani.

Simlaumu afisa, nadhani hakuna aliyemfundisha kuuliza. Jirani naye si mchoyo: mayai hayo ndiyo kodi ya nyumba.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Kenya wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26. Tumesonga, lakini 18 ni wengi mno.

Tazama maharagwe ya Nyota kutoka KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, yenye madini mengi ya chuma. Mkulima anaelekezwa nafasi ya kupanda, anavuna vizuri, kisha anayala huku akiteremshia na chai, na chai inapunguza chuma kinachoingia mwilini. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa navyo vinataka mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A yake vizuri. Ni maneno mawili tu, na angeyasema yule yule aliyeleta mbegu yangesikika.

Mzee mmoja alinipinga, na hoja yake ina uzito: "Mwanangu, maafisa wenyewe ni wachache, na mmoja anahudumia wakulima wengi kupita kiasi. Lishe waachieni wahamasishaji wa afya ya jamii." Nilimjibu kwa heshima kwamba mhamasishaji mara nyingi humkuta mtoto ameshapungua uzito. Afisa huja kabla ya kupanda, mama akiwa bado anawaza kama magunia yote manne yawe sukuma wiki, au moja liwe managu na jingine kunde.

Sharti langu ni moja: mafunzo yasiwe siku tatu za kukaa ukumbini na fomu nyingine ya kujaza. Yawe jikoni, sufuria ikiwa motoni, na anayepika awepo, si mwenye shamba peke yake.

Mzee hajakubali. Nyinyi mnaonaje? Na mlio maafisa humu, tuambieni ukweli: muda mtautoa wapi?