MREJESHO: Asili ya jina la mji wa Ardee, Ireland
Wakuu, niliuliza hapa jina la Ardee, mji wa huku kaunti ya Louth, limetoka wapi. Asanteni sana. Aliyesema nianze na jina la Kiayalandi ndiye aliyenifungulia njia: Baile Átha Fhirdhia, yaani mji wa kivuko cha Ferdia. Masimulizi ya kale yanasema shujaa Cú Chulainn alipigana hapo mtoni siku nne na Ferdia, rafiki yake; wote wawili walifunzwa vita na Scáthach, mwanamke shujaa. Cú Chulainn akamuua kwa gae bolga, mkuki wake wa ajabu, kisha akambeba akimlilia. Nimeiona sanamu yao, imenigusa mno.

Ushauri wa kusoma masimulizi yaliyokusanywa na watoto wa shule 1937–1939 nimeufuata nusu tu. Ya Kiingereza nimesoma. Ya Kiayalandi yamenishinda, natafuta mwalimu.