Jina adimu linalofanana na lililozoeleka: tumpe binti, au tumwepushie?

MTOA HOJA
Mama yangu mzazi anaitwa Salma. Binti yetu alipozaliwa, miaka sita iliyopita, ukoo mzima ulitarajia kwamba siku ya saba, akika itakapochinjwa, atatangazwa kuwa somo ya bibi yake, ilhali mimi na mume wangu tulikuwa tumekwisha kukubaliana aitwe Salwa. Shangazi zangu waliuliza swali ambalo nimelisikia tena mwaka huu kwa jirani aliyemwita mwanawe Zuhaira badala ya Zuhura: kama mmelikaribia jina kiasi hicho, kwa nini msilifikie?

Ninashikilia kwamba mzazi ana haki ya kuchagua jina la namna hiyo, kwa kuwa majina yanayokutana mdomoni hayakutani lazima katika maana. Salma limetoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa salama na salamu. Salwa ni liwazo, na katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 57, ni ndege walioteremshiwa Wana wa Israili pamoja na mana. Tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza mwaka mmoja kabla, na neno tulilolihitaji nyumbani lilikuwa liwazo.

Wanaopinga husema jina hilo litakosewa. Ni kweli: kadi ya kliniki iliandikwa Salma, na tangazo la kizazi likaandikwa Saluwa. Lakini Kiswahili kimekuwa kikiyatengeneza majina kwa sikio lake tangu zamani, hasa pale konsonanti mbili zinapogongana, ndiyo maana Fatma akawa Fatuma na Rahma akawa Rehema, kama ambavyo Wasomali, ambao lugha yao haina sauti ya z, humwita Zahra kwa jina la Sahra. Aisha naye alifupishwa akawa Asha, na leo hakuna anayemwambia Asha kwamba amebeba kosa.

MCHANGIAJI, MWALIMU WA SHULE YA MSINGI
Historia hiyo ninaikubali, ila hitimisho lake silikubali. Fatuma lilipatikana midomoni mwa vizazi vingi ambavyo havikudaiwa vyeti. Mtoto wa leo atakuwa na cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa, na herufi moja ikipishana ataambiwa alete hati ya kiapo kuthibitisha kwamba Salma na Salwa ni mtu mmoja.

Tena, jina geni kabisa halinisumbui ninapoandikisha darasa la kwanza, kwa sababu nikilisikia ninasimamisha kalamu na kumwomba mzazi anitajie herufi moja moja. Linalonidanganya ni lile linalofanana na ninalolijua: sisiti, ninaandika Salma na kuita anayefuata, na kosa hugunduliwa miaka saba baadaye.

Na kuhusu usomo, niseme kwa heshima kwamba bibi hakupewa chochote. Mtu na somo yake wanaitana, wanataniana, wanapeana zawadi kwa sababu ya jina moja. Jina linalokaribia halimfanyi mtu kuwa somo.

MTOA HOJA
Hoja ya kalamu isiyosita imenipata. Tangazo la kizazi tulilirekebisha kabla ya kuchukua cheti, na tangu hapo popote tunapokwenda ninatoa jina likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, bila kumngoja mtu alisikie. Ni kazi ya ziada, na anayelichagua jina la aina hii aikubali tangu mwanzo.

Juu ya usomo sikubaliani nawe. Mama yangu alipoelezwa maana ya jina alinyamaza, kisha akaendelea kumwita mjukuu wake Salma, na zawadi ya somo humletea kila Idi. Mtoto huitika kwa bibi yake, lakini shuleni akiitwa hivyo husahihisha, akisema ni w ya wali.

Ningependa sasa wazungumze wanawake waliokua na majina ya namna hii, kwa sababu mpaka hapa tunaojibizana ni mzazi na mwalimu tu.