Gumzo la kikundi: Msimamo wa K League 2 baada ya raundi ya 2

*Jumapili, 2 Machi 2025*

Shomari: Ramadhani njema, jamani. Napanga msimamo wa daraja la pili Korea kwa mkono. Pointi zikilingana naenda kwenye tofauti ya mabao, sivyo?

Dada Mwanaidi: Hapana mdogo wangu, hapo ndipo wengi wanapokosea. Korea wanaangalia kwanza mabao ya kufunga, ndipo tofauti ifuate. Ni hivyo tangu 2016. Aliyeshinda 3-2 anakaa juu ya aliyeshinda 1-0, ingawa wote wana tofauti ya bao moja. Na aliyetoka sare ya 2-2 yuko juu ya aliyetoka 0-0.

Baba Nasra: Na si jambo dogo. Mwaka jana Busan na Suwon Samsung walimaliza na pointi 56 kila mmoja. Busan mabao 55, Suwon 46. Busan akashika nafasi ya tano, akaingia mchujo wa kupanda daraja. Suwon, bingwa wa Korea mara nne, akabaki nje.

Shomari: Kumbe! Lakini Suwon si alikuwa juu yake kabla ya raundi ya mwisho?

Baba Nasra: Alikuwa juu, lakini mechi zake 36 zilikwisha. Timu zilikuwa 13, kwa hiyo kila raundi mmoja anapumzika, na raundi ya 39 ilikuwa zamu yake. Busan akacheza, akashinda. Ndiyo maana msimamo wa mwaka jana usingeusoma bila safu ya mechi zilizochezwa.

Dada Mwanaidi: Mwaka huu Hwaseong wameingia, timu ni 14, hakuna wa kupumzika. Mechi 39, kila mpinzani mara tatu. Ukiona timu ina mechi pungufu, hicho ni kiporo tu, mechi iliyoahirishwa.

Mzee Saidi: Mara tatu? Nyumbani na ugenini wanagawanaje?

Dada Mwanaidi: Shikamoo Mzee. Haigawanyiki sawa. Wapo wenye mechi 20 nyumbani, wengine 19, na kwa kila wapinzani wawili mmoja ndiye mwenyeji mara mbili.

Mzee Saidi: Marahaba mwanangu. Basi Incheon wanaonekanaje?

Baba Nasra: Mzee, Incheon wana pointi 6, mabao 4, hawajafungwa. Wamewapiga Gyeongnam 2-0, na jana Suwon 2-0, zote nyumbani. Mshambuliaji wao Mugoša amefunga jana. Wameshuka kutoka ligi kuu mwaka jana, mara yao ya kwanza, na kocha Yoon Jong-hwan mwaka jana aliipeleka Gangwon nafasi ya pili ligi kuu. Mimi nawaona mabingwa. Ila ile ya jana msiipime kwa matokeo peke yake: Suwon walitolewa wawili kwa kadi nyekundu, Incheon mmoja.

Dada Mwanaidi: Na kadi hizo zina mkia. Nyekundu ya moja kwa moja ni kukosa mechi mbili, ya njano mbili ni mechi moja. Mwanzo wa msimu, kikosi kikiwa bado hakijakaa sawa, beki mmoja akikosekana wiki mbili, athari unaiona kwenye msimamo.

Shomari: Na wanaopanda ni wangapi?

Baba Nasra: Msimu huu wa 2025, wa kwanza anapanda moja kwa moja. Wa pili anacheza na wa 11 wa ligi kuu, nyumbani na ugenini. Wa nne na wa tano wanakutana mechi moja uwanjani kwa wa nne, mshindi anaenda uwanjani kwa wa tatu, kisha anayepita anakutana na wa 10 wa ligi kuu. Katika hizo mbili, ya kwa wa nne na ya kwa wa tatu, hakuna dakika za nyongeza: sare, aliye juu kwenye msimamo anapita. Mwaka jana Jeonnam alipita kwa 0-0 na Busan, halafu akatolewa kwa 2-2 na Seoul E-Land.

Mzee Saidi: Basi tofauti ya nafasi moja ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Shomari: Nachora upya: mechi, pointi, mabao ya kufunga, tofauti.

Dada Mwanaidi: Ongeza nyumbani na ugenini. Na mechi ya saa nane mchana kwao, kwetu ni saa mbili asubuhi. Usisubiri jioni kujaza.