Mjadala: Mkandaji apewe leseni, na anayepima misuli je?

Mwana wa Bombo
Tangu 2019 Uganda ina sheria ya tiba za jadi na tiba mbadala, na ndani yake kuna baraza la kuwaandikisha wanaozifanya. Naomba tulijadili hili waziwazi: wakandaji na hawa wapima misuli wanaojiita wataalamu wa kineziolojia waingie kwenye daftari moja? Mimi nasema hapana. Mkandaji apewe leseni hata kesho. Anayetaja magonjwa kwa kusukuma mkono asipewe.

Siongelei kineziolojia inayosomwa chuoni, elimu ya mwendo wa mwili. Hiyo haina ugomvi. Naongelea ile iliyoanzishwa mwaka 1964 na George Goodheart, mnyoosha uti wa mgongo wa Detroit, Marekani. Kwa asiyewahi kuiona, inakwenda hivi. Unasimama, unanyoosha mkono usawa wa bega. Mpimaji anasema kaza, anausukuma chini, haushuki. Kisha anakupa pakiti ya sukari uishike kwa mkono wa pili, anasukuma tena, na safari hii unashuka. Basi hapo umeshaugua: sukari haikufai, au ini limechoka, au una mzio. Mezani kuna makopo ya virutubisho, na yanayokufaa yanatambuliwa kwa kusukumwa mkono uleule.

Sasa jaribuni nyumbani. Sukuma mkono wa mwenzio karibu na kiwiko, halafu sukuma karibu na kiganja. Safari ya pili unashuka kwa nguvu kidogo tu. Si lazima mpimaji awe tapeli. Vidole vinaweza kusogea bila yeye kujua, na wewe mwenye sukari mkononi umeshajua kinachotarajiwa. Ndiyo maana kipimo kama hiki hupimwa kwa kuficha. Ujerumani walifanya hivyo, matokeo yakachapishwa 2001: watu wenye mzio wa nyigu walipimwa kwa chupa zenye sumu ya nyigu na zisizo na sumu, asijue mtu ipi ni ipi. Majibu yalikuwa ya kubahatisha. Kabla yake, 1988 huko Marekani, wapimaji watatu wazoefu waliwapima watu 11 kama wamepungukiwa virutubisho. Hawakukubaliana wao kwa wao, wala na maabara.

Tetea anayetaka.

Mama Mafuta, Kisenyi
Mwanangu, ahsante kwa leseni ambayo sijakuomba. Kazi hii nimerithi kwa mama mkwe. Napasha mafuta ya moo yaa, yale ya kokwa za mti wa shea, kutoka Lira kiganjani, naanza miguuni, napanda taratibu, na mtu akishtuka najua nimefika. Leseni kwenu ni heshima, kwangu ni mtu wa kuja kudai ada barazani kwangu. Wataipata wenye vioo na taulo nyeupe, mimi nitafukuzwa na jamvi langu.

Na msidhani sisi hatuna mipaka. Akija mtu mguu mmoja umevimba, una joto, shavu la mguu linauma ukiligusa, simkandi. Damu ikiwa imeganda humo, ukiisukuma unaipeleka mapafuni. Namwambia panda boda uende hospitali sasa hivi, na hela yangu sichukui.

Afande Mstaafu
Jeshini mgongo ulinyooshwa kwa kukimbizwa. Endeleeni.

Fizio wa Mbale
Shikamoo Mama. Ungekuwa darasani kwetu hapo kwenye shavu la mguu ungepata alama zote.

Sisi wa fiziotherapia tunaandikishwa kwa sheria nyingine, ile ya 1996 ya kada saidizi za afya. Na niseme wazi, sisi pia tunapima misuli kwa mkono, kila siku. Alama ni 0 hadi 5. Sifuri, msuli hautikisiki kabisa. Tatu, unainua mkono wako lakini nikiugusa tu unashuka. Tano, mzima. Mtu aliyepooza upande mmoja, kipimo hicho kinanionyesha nianzie wapi wiki hii. Kinaniambia habari za msuli na mshipa wa fahamu unaouendesha. Habari za ini sijawahi kuzisikia humo.

Masaji nayo tusiipambe kupita kiasi. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalopitia tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 25 kwa watu wenye maumivu ya kiuno: nafuu ipo, ni ya muda mfupi, na ushahidi wenyewe ni dhaifu. Mimi hukanda ili mgonjwa aweze kufanya mazoezi, na mazoezi ndiyo kazi.

Wanaonitisha mimi ni waunga mifupa. Kijana kaanguka na boda, kafungwa vijiti na vitambaa hadi damu haipiti, analetwa vidole vimeshakuwa vyeusi. Mbona hao hamuwataji? Na mikono hiyohiyo ikifundishwa inafanya makubwa: watoto wanaozaliwa na miguu iliyopinda, hapa Uganda wananyooshwa kwa mbinu ya Ponseti, kidogokidogo kwa mkono na plasta wiki hadi wiki, wengi bila upasuaji mkubwa.

Binti wa Ntinda
Nyote mnasema kama watu ambao hawajawahi kukaa foleni. Nilikwenda kliniki moja na maumivu ya shingo. Daktari aliandika vidonge kabla sijamaliza sentensi, macho yako kwenye simu. Mpima misuli alikaa nami saa nzima, akauliza nalalaje, nakula nini, nabeba nini kichwani. Shingo ikapoa. Na msinifanye nione hospitali haikosei: wilayani Kumi, mashariki mwa Uganda, kuna watoto waliokakamaa makalio, hawawezi kuchutama, na kinacholaumiwa ni sindano za kwinini walizochomwa tena na tena. Sindano hizo alizipiga nani, mganga?

Mwana wa Bombo
Dada, la Kumi ni kweli na ni aibu. Lakini lilijulikanaje? Watoto walichunguzwa, rekodi zikaangaliwa, madaktari wakaandika kosa la wenzao kwa majina ya kitabibu. Mpima misuli akikwambia figo ni nzima na si nzima, kosa lake linaandikwa wapi? Saa nzima aliyokupa naiheshimu, na daktari yule angestahili kukalishwa chini. Ila kilichokuponya inawezekana ni kulala vizuri na kuacha kubeba ndoo, na hayo hayahitaji kusukumwa mkono.

Mama, la ada umenibana. Basi iwe hivi: mkandaji aulizwe kwa mdomo, kwa Kiswahili au Luganda, ni nani hapaswi kumgusa na ampeleke wapi. Akijibu, aandikwe, jamvi lake libaki barazani kwake. Mpima misuli naye aruhusiwe kumpumzisha mtu akitaka, lakini asitaje ugonjwa wala asiuze makopo mezani pale anapopimia. Waunga mifupa, Fizio, wafungulie mjadala wao, huu hauwatoshi.

Binti wa Ntinda
Ukimkataza kuuza makopo umemfungia kazi.

Mwana wa Bombo
Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Mama Mafuta, Kisenyi
Maswali ya mdomo nakubali. Lakini anayeuliza awe amewahi kumkanda mtu, si karani. Huyo wa Mbale akija kuuliza, nauli yake analipa nani?