Flashi ya Debian haibuti baada ya dd

mshale_k
Wakuu, naomba msaada. Nimeandika ISO (faili la kusakinishia) ya Debian, mfumo wa Linux, kwenye flashi ya 8GB kwa dd, amri ya kunakili data moja kwa moja:

`sudo dd if=debian.iso of=/dev/sdb1`

Imemaliza bila kulalamika, lakini kompyuta inasema hakuna diski ya kubuti. Nikishapata jibu nataka nitengeneze na ya Windows. Njia ni hiyo hiyo?

waya_mwekundu
Kosa ni hiyo 1 ya mwisho. `sdb1` ni patisheni, `sdb` ndiyo flashi nzima. ISO ya Debian inakuja na jedwali lake la patisheni pamoja na kodi ya kubuti mwanzoni kabisa mwa faili. BIOS (programu inayoanzisha kompyuta) husoma sekta ya kwanza ya diski, si ya patisheni. Kwa UEFI (mrithi wa BIOS) ni vivyo hivyo: inasoma jedwali lililo mwanzoni mwa diski, na lako ni lile la zamani.

Kwanza hakikisha jina:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN`

Flashi ni ile yenye `usb` kwenye safu ya TRAN. Usiruke hatua hii, maana dd haiulizi "una uhakika?", inafuta tu, hata kama ni diski yenye kazi zako zote. Kisha:

`sudo umount /dev/sdb1`
`sudo dd if=debian.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync`

Usipoweka bs (ukubwa wa kila kipande), dd inaandika baiti 512 kwa mkupuo, utachoka kusubiri. `conv=fsync` inaizuia isiseme imemaliza wakati data bado iko kwenye RAM. Watu wengi huchomoa flashi hapo, halafu lawama zinaiendea ISO.

nundu
Naongezea: kabla ya kuandika, kagua faili lenyewe kwa `sha256sum` ulinganishe na namba iliyo kwenye SHA256SUMS, faili linalotolewa pamoja na ISO. Baada ya kuandika, chomoa flashi uirudishe (la sivyo unaweza kusomewa kilichobaki kwenye RAM), kisha linganisha flashi na ISO:

`sudo cmp -n $(stat -c %s debian.iso) debian.iso /dev/sdb`

Ikinyamaza, nakala ni safi. Ikitaja baiti inayotofautiana, jaribu tundu lingine la USB. Ikirudia, flashi imechoka.

waya_mwekundu
Kuhusu Windows: hapana, dd haifai. ISO yake haikutengenezwa iandikwe moja kwa moja kwenye flashi. Kwa UEFI inatosha kufomati flashi FAT32 na kunakili mafaili yaliyomo ndani ya ISO, ila `install.wim` (faili lenye Windows yenyewe) mara nyingi inazidi 4GB na FAT32 haibebi faili la ukubwa huo. Ligawe kwa programu ya wimlib:

`wimlib-imagex split install.wim install.swm 3800`

Weka vipande vyote kwenye folda ya `sources` badala ya faili la awali. Kisakinishi kinavitambua chenyewe. Kama una mashine ya Windows karibu, programu ya Rufus inamaliza yote haya. Na hakikisha flashi ni ya 8GB au zaidi.

mshale_k
Imebuti, shukrani wakuu. Ila nikiichomeka kwenye Windows inaonyesha nafasi ndogo sana na inataka kufomati. Imeharibika?

nundu
Haijaharibika, Windows haielewi patisheni za Debian. Ukishamaliza kuitumia, futa alama za patisheni hizo kwa `sudo wipefs -a /dev/sdb` kisha uigawe na kuifomati upya.