Naomba ushauri: mdogo wangu na sigara ya umeme

Habari zenu ndugu zangu. Niko Ngamiani, Tanga. Mdogo wangu wa kiume, miaka 27, alihamia sigara ya umeme ili aache ya kawaida. Sasa anavuta hata usiku wa manane. Hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, na Raskazone tulikozoea kuogelea Jumapili hataki tena. Anasema inamtuliza. Mimi naona nikotini ikipungua mwilini ndiyo inamletea wasiwasi. Akivuta unapoa, kisha unarudi.

Wiki iliyopita aliacha ghafla. Siku ya 3 akawa mkali, analia, akarudia. Inaniuma sana.

Apunguze nguvu ya nikotini kidogo kidogo, au aache moja kwa moja? Na nitajuaje kama ni arosto tu, yaani mwili kudai nikotini, au ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ya kumpeleka kwa daktari?