Muuzaji wa kifaa cha kufukuzia panya ameniunguzia karatasi za picha, na panya bado wapo

Ndugu zangu mnaosafisha picha wenyewe nyumbani, nimevumilia vya kutosha. Nilimweleza muuzaji, tena kwa maneno ya wazi, kwamba panya wanaingia katika chumba cha giza, ambamo taa pekee inayowashwa wakati wa kazi ni ile nyekundu, kwa sababu karatasi za picha nyeusi na nyeupe huungua, yaani huharibika na kuwa kijivu au nyeusi, kwa mwanga wa bluu au wa kijani hata ukiwa hafifu. Akanihakikishia kwamba kifaa chake cha sauti isiyosikika na binadamu ndicho dawa, nikichomeke tu na kukiacha. Hakunitajia kwamba kina kitaa cha bluu kisichozimika.

Nilikichomeka kwenye soketi iliyo chini ya meza, nyuma ya mashine ya kukuzia picha, kwa hiyo kile kitaa sikukiona. Nilikiona kwenye karatasi. Kila picha ilitoka na weupe uliofifia kuwa kijivu. Nilidhani karatasi zimezeeka, nikamwaga dawa yote ya kusafishia picha na kuchanganya nyingine, hali ikawa ile ile. Mwishowe niliweka sarafu juu ya kipande cha karatasi, nikakiacha mezani dakika tano bila kuwasha hata taa nyekundu, kisha nikakisafisha. Duara la sarafu lilijitokeza jeupe kabisa, na pembeni mwake kote kijivu. Nilipoinama chini ya meza kukitafuta chanzo, nilikuta mavi mabichi ya panya juu ya kifaa chenyewe.

Wakati huo wote panya walikuwa wakiendelea na kazi yao. Walitoboa kona ya mfuko mweusi wa karatasi, tundu lisilozidi punje ya mahindi, na hilo lilitosha kuunguza bunda zima upande mmoja. Negativu, yaani filamu ambazo picha huchapwa kutoka kwazo, nazo zimetafunwa kingo, kwa kuwa utando unaobeba picha ni jelatini, nayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa panya hicho ni chakula. Mkojo ukidondokea hapo hauondoki bila kuacha alama.

Kisha nikamwita fundi wa kuua wadudu na panya, naye akanitia hasira zaidi. Alitaka kumwagia klorini ya kufulia kwenye mavi yaliyokuwa kando ya trei zangu, katika chumba kisicho na dirisha! Trei moja ilikuwa na asidi ya asetiki ya kusimamishia kazi ya dawa ya kusafishia picha, ambayo ikikutana na klorini ile hutoa gesi ya sumu, na fiksa nyingi, yaani dawa za kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga, zina chumvi za amonia, ambazo nazo zikichanganyika nayo hutoa gesi nyingine ya kuumiza mapafu. Nilipomzuia, alinijibu kwamba hajaja kufundishwa kazi. Alitaka pia kuacha sumu nyuma ya makabati, bila kufikiri kwamba panya akifia ukutani mzoga wake huvuta vidudu ambavyo viluwiluwi vyao hula jelatini vilevile.

Kilichonisaidia sikukipata kwa yeyote kati yao. Penye bomba la maji machafu palikuwa na uwazi unaopitisha penseli, na panapopita penseli panya mdogo hupita. Nilipashindilia stilwaya ya kusugulia sufuria, nikapaziba kwa saruji, nikatega mitego ya kufyatuka ikiwa imegusa ukuta upande wa chambo, na negativu zote nikazihamishia kwenye makopo ya bati. Mavi nililowesha kwa maji ya sabuni na kuyafuta nikiwa na glavu, bila kufagia yakiwa makavu, baada ya kutoa trei zote nje.

Muuzaji ninamdai fedha ya kifaa pamoja na ya karatasi alizoniunguzia. Anasema dhamana yake haihusu karatasi. Kama kuna mwenzangu aliyeuziwa kifaa cha namna hii akarudishiwa fedha zake, naomba anieleze alifanyaje, kwa maana hili sitaliacha.